MATEMBEZI: Kwa Baiskeli Toka Nyahururu Hadi Nakuru, Kwa Njia ya Subukia

Mkulima wa Subukia aijua baiskeli kama alijuavyo jembe lake. Ndiyo iliyopeleka maziwa alfajiri kabla pikipiki hazijawa nyingi. Ndiyo iliyobeba gunia la kabichi mpaka sokoni, mwenyewe akiisukuma mlimani na kuizuia kwa nguvu zake zote mteremkoni. Na siku ya msiba ndiyo iliyopeleka habari kwa jamaa walio mbali. Zile nzito nyeusi, ambazo watu wamezipa jina la Black Mamba, zilifanya kazi ya punda na kazi ya posta kwa pamoja. Kwa hiyo mkulima huyo akisikia ya kuwa wako watu wanaotumia likizo yao kunyonga baiskeli siku mbili tatu bila mzigo, bila kesi ya kusikiliza wala mahari ya kupeleka, ila kutazama nchi tu, aghalabu hucheka. Hudhani ni mchezo wa watu waliokosa kazi.

Huko Ufaransa jambo hilo lina heshima yake, nalo si la matajiri peke yao. Wakenya wengi wakisikia habari za baiskeli za Ufaransa hukumbuka mashindano makubwa ya Tour de France, yaliyoanza mwaka 1903, na hasa humkumbuka Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundishwa kuendesha baiskeli na David Kinjah kule upande wa Kikuyu, kisha akayashinda mashindano hayo mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini matembezi si mashindano. Mtu aliyewafundisha Wafaransa kutembea kwa baiskeli aliitwa Paul de Vivie, wa mji wa Saint-Étienne, aliyezaliwa mwaka 1853 na kufa mwaka 1930. Alikuwa na gazeti lake la waendeshaji, na shauri lake kwao lilikuwa la kizee kabisa: ale mtu kabla ya kuona njaa, anywe kabla ya kushikwa na kiu, apumzike kabla ya kuchoka, wala asinyonge kwa ajili ya kujionyesha. Alipigania pia baiskeli zenye gia wakati wenye mashindano walipoziona kuwa ni za wanyonge. Katika Tour de France zile gia za kubadilisha kwa mnyororo hazikuruhusiwa mpaka mwaka 1937.

Leo Wafaransa wana njia ya baiskeli ya kilomita 900 hivi inayoufuata mto Loire, ikipita makasri ya wafalme wa kale na mashamba ya mizabibu. Kando ya ziwa la Annecy, penye milima, ipo njia nyingine ambayo sehemu yake kubwa imetandikwa juu ya tuta la reli iliyokwisha kufa. Mtu hunyonga polepole, hushuka penye kanisa la kale, hula mkate wake ukingoni mwa maji, kisha huendelea. Na wenye vijiji vya njiani huuza mkate, jibini na vyumba vya kulala.

Sasa mtu na aitazame ramani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo barabara ya kutoka Nyahururu huteremka Subukia, hupanda tena ukingo wa Bahati, kisha huingia Nakuru. Ni kilomita 65 hivi. Katika kipande hicho kifupi mna maporomoko ya maji, mstari wa Ikweta, mahali pa hija, ufa wa tetemeko la ardhi, maziwa mawili, volkano na makazi ya watu wa kale. Si haba. Kilichokosekana ni desturi ya kwenda kuvitazama.

Desturi hiyo ilikosekana kwa sababu. Bonde la Subukia lilikuwa ndani ya nchi iliyotengewa Wazungu, na Mwafrika aliyeishi humo aliishi kama kibarua katika shamba la mwingine. Tangu mwaka 1920 hivi hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili, mwanamume hakutoka shambani bila kipande, ile hati iliyotiwa katika kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Askari aliyemkuta barabarani alimwuliza atoka wapi, aenda wapi, na kwa ruhusa ya nani. Mtu angejibu nini? Kwamba aenda kuona ziwa? Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa, mengine na serikali, mengine na vyama na makampuni ya kununua ardhi, na wajukuu wa vibarua wakawa wenye mashamba. Barabara ikawa yao. Lakini mazoea ya kuipita kwa haja tu yalibaki.

Yafaa safari ianzie Nyahururu, maana mji huo uko juu, karibu mita 2,360 kutoka usawa wa bahari, na ni vizuri miguu ianze siku kwa kushuka. Mtu afike jioni kwa matatu, alale, na asubuhi aende kwanza kwenye maporomoko. Hapo mto Ewaso Narok huanguka mita 74 katika korongo lenye ukungu wa maji. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alifika hapo mwaka 1883 na kuyapa jina lake, na mji wenyewe uliitwa Thomson's Falls mpaka baada ya uhuru. Vitabu vingi husema kwamba aliyagundua. Ukweli ni kwamba siku hiyo alikuwa na msafara wa wapagazi waliotoka Unguja na pwani, nao waliyaona kwa macho yao kama yeye. Na Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe katika mto huo tangu zamani.

Nje kidogo ya mji barabara hukata Ikweta. Kando ya mabango ya namna hiyo hapa Kenya hakukosi kijana mwenye beseni na kijiti, ambaye kwa fedha kidogo humwonyesha mgeni jinsi maji yanavyozunguka kushoto upande mmoja wa mstari na kulia upande wa pili. Ni mchezo mzuri na kijana astahili fedha yake, lakini si elimu. Hatua chache kutoka Ikweta nguvu ya kuzunguka kwa dunia ni ndogo mno kuweza kuyageuza maji ya beseni. Kinachoyageuza ni mkono wa anayeyamimina.

Kutoka hapo barabara huanza kushuka ukingo wa Marmanet, na hapo ndipo penye hatari na penye uzuri. Bonde la Subukia hufunguka chini lote pamoja: viraka vya mahindi na nyanya, mistari ya migrevilea, mabati yanayong'aa, na ng'ambo ya pili ukuta wa Bahati. Asiyejua atashuka mbio akifurahia upepo. Ajuaye atasimama mara mbili tatu, kwa sababu breki zinazobanwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Heri kuzibana na kuziachia, ya nyuma kwanza kisha ya mbele, kuliko kuzishikilia toka juu mpaka chini. Malori hupita hapo yakiwa na mizigo, na ukingo wa lami ni mwembamba. Mwendeshaji na akae kushoto, avae nguo ya rangi inayoonekana, wala asishuke pale baada ya jua kutua kwa sababu yoyote. Wanakijiji wa Subukia wamewazika watu wa kutosha wa barabara hiyo.

Aliyesimama katikati ya mteremko huo amesimama juu ya jambo kubwa, ingawa hakuna bango. Tarehe 6 Januari 1928, usiku, ardhi ya Subukia ilitikisika kwa tetemeko ambalo wataalamu hulikadiria kuwa na kipimo cha 6.9, kubwa kupita yote yaliyoandikwa hapa Kenya katika karne ile. Chini ya ukingo huu ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 38 hivi, na mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya mita mbili chini ya mwenziwe. Watoto wa shule hufundishwa kwamba Bonde la Ufa lilifanyika zamani za kale, kana kwamba kazi hiyo ilikwisha. Haikukwisha. Ule mteremko uliomfurahisha mwendeshaji ni kazi ya mishtuko kama ule wa 1928, mmoja juu ya mwingine, kwa maelfu na maelfu ya miaka. Miaka ile nyumba za mawe zilikuwa chache bondeni. Leo kuna maduka ya ghorofa, shule na makanisa, na anayejenga huko angefanya vema kumwuliza fundi wake juu ya nondo kabla hajamwuliza juu ya rangi.

Nje kidogo ya mji wa Subukia, mlimani, ndipo penye mahali pa hija pa Wakatoliki wa Kenya nzima, paitwapo Kijiji cha Maria, Mama wa Mungu. Kila mwaka mwanzoni mwa Oktoba watu hufika kwa maelfu kwa siku ya maombi ya taifa, wengine wakitembea kwa miguu kutoka mbali. Mna chemchemi mlimani, na mahujaji huteka maji yake katika chupa na vibuyu na kuyachukua nyumbani. Mwendeshaji wa dini yoyote hupokewa, mradi aingie kwa adabu: ashuke kwenye baiskeli langoni, avue kofia, asipige kelele. Katika siku za hija vyumba vya kulala mjini hujaa vyote, basi asiyekwenda kuhiji na achague juma jingine.

Subukia ndipo pa kulala. Jioni mtu atembee sokoni, aone nyanya na kabichi zinavyopakiwa kwenye malori ya Nakuru na Nairobi, na amtafute fundi wa baiskeli kabla hajafunga. Akaze spoki, apake mnyororo mafuta, anunue viraka na gundi. Na kama ana wazee wa kuwaamkia, akae nao. Mzee wa sabini na kitu wa bonde hili alizaliwa katika kambi ya vibarua, naye aweza kumwonyesha mgeni kwa kidole shamba la nani lilianzia wapi na mti upi ulikuwa mpaka. Mambo hayo hayamo katika kitabu chochote cha watalii.

Siku ya pili ni ya jasho. Kutoka Subukia barabara hupanda ukingo kuelekea Kabazi na Bahati, na hapa ndipo gia ambazo de Vivie alizipigania hujulikana faida yake. Mwenye baiskeli isiyo na gia atashuka na kuisukuma, na hakuna aibu. Akina mama wanaorudi sokoni watampita wakimpa pole. Aondoke saa kumi na mbili asubuhi akiwa amekunywa uji, na mfukoni awe na ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha na mayai. Miezi mizuri ni Januari na Februari. Katika mvua za masika, kati ya Machi na Mei, njia za murram hugeuka tope jekundu linaloziba magurudumu, na mtu huwa yeye ndiye anayeibeba baiskeli.

Huko juu hutoka njia zinazoteremka magharibi kwenda Solai. Anayetaka kufika Nakuru upesi atazipuuza na kufuata lami. Lakini atakuwa amekosa nusu ya safari. Njia hushuka, hewa huwa ya joto, kabichi hupotea, huanza mashamba makubwa ya kahawa, na mkonge uliopandwa tangu zamani. Chini kabisa ni ziwa Solai, dogo, la kina kifupi, lisilotajwa sana hata na watu wa Nakuru. Mwaka wa mvua hutapakaa mpaka kwenye malisho. Mwaka wa ukame hurudi nyuma na kuacha tope jeupe lililopasuka. Hakuna hoteli ukingoni wala tikiti ya kununua. Kuna ndege wa majini, ng'ombe, na watoto wanaowachunga. Reli ndogo iliyojengwa kufika Solai katika miaka ya 1920, ili mazao ya mashamba ya walowezi yapelekwe kwenye reli kuu, haijasikia garimoshi kwa miaka mingi. Aliyesoma habari za Annecy atalitazama tuta lake na kuwaza.

Lakini Solai yajulikana zaidi kwa habari nyingine. Usiku wa tarehe 9 Mei 1918 ungekuwa umesahauliwa. Ule wa tarehe 9 Mei 2018 hausahauliki. Mvua ilikuwa kubwa kupita kawaida mwaka huo. Juu ya kilima, katika shamba kubwa, palikuwa na bwawa lililozuiwa kwa ukuta wa udongo, na ukuta huo ulivunjika wakati watu wa vijiji vya chini walipokuwa wamo nyumbani mwao usiku. Maji yalishuka na tope, mawe na miti, yakazoa nyumba na waliokuwamo. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao wanawake na watoto.

Kuna wanaosema kwamba matembezi ni ya furaha na mahali pa msiba papitwe upesi. Hao wakosea. Mfaransa anayezunguka kwa baiskeli husimama penye makaburi ya vita kama asimamavyo penye kasri, wala safari yake haiharibiki. Anayepita Solai na ashuke, aisukume baiskeli yake kwa miguu kipande hicho, na akikutana na mtu amwamkie kama inavyostahili. Asiulize maswali kwa pupa wala asipige picha za nyumba za watu. Atazame tu mteremko kutoka kilimani mpaka vijijini, uone jinsi ulivyo mfupi. Mkulima aliyetoka nyumbani kwake mahali palipo na bwawa juu ya boma lake ataelewa bila kuambiwa, na pengine akirudi atakwenda kuutazama ukuta wa bwawa lile, kama una ufa, kama una mti unaoota juu yake na kuupasua kwa mizizi, kama mfereji wa kupunguzia maji umezibwa na magugu.

Kutoka Solai njia huelekea kusini ikiuacha mlima Menengai upande wa magharibi. Kwa mbali si mlima wa kutisha, lakini kilele chake ni ukingo wa shimo lenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, lililobomoka volkano ilipojimwaga. Wamaasai husimulia kwamba katika vita vya ndugu kwa ndugu vya karne ya 19 wapiganaji wa Ilaikipiak walisukumwa humo wakaangamia. Kuupanda ukingo huo kwa baiskeli baada ya siku mbili za kunyonga ni kazi ya vijana. Wengine waweza kuuacha kwa siku nyingine bila kujilaumu.

Hyrax Hill usiachwe. Kilima hicho kiko kando ya barabara ya Nairobi, kabla ya kuingia katikati ya Nakuru, na kimepewa jina la pimbi waliokuwa wakiishi mawemawe yake. Mary Leakey alichimba hapo kuanzia mwaka 1937, akapata makaburi na mabaki ya makazi ya wafugaji wa zamani. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1965. Kuna vyungu na mawe ya kuchongea, vitu ambavyo mtu asiye mtaalamu huvitazama kwa heshima na kuvisahau. Kitu asichokisahau kiko nje, juu ya mwamba: safu za vishimo vilivyochongwa, vidogo, vya kuenea kete. Ni bao. Kabla ya Waingereza, kabla ya reli iliyofika Nakuru mwaka 1900, watu walikaa juu ya kilima hiki jioni, ng'ombe wakiwa wamekwisha kufungwa, wakacheza bao wakilitazama ziwa.

Ziwa hilo sasa liko karibu zaidi kuliko walivyoliona baba zetu. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda, na Ziwa Nakuru limemeza lango kuu la zamani la hifadhi pamoja na ofisi zake, na kuzifikia nyumba na mashamba ya watu pembeni mwa mji. Heroe waliolipa sifa wamepungua, kwa maana maji mengi yamepunguza magadi, na magadi yakipungua hupungua ule mwani wa kijani ambao ndio chakula chao. Wengi huonekana Bogoria. Hifadhi, iliyopata daraja la hifadhi ya taifa mwaka 1968, ina simba, nyati na vifaru, kwa hiyo si mahali pa kunyonga baiskeli kwa kujiendea. Mwenye hamu ya kupita kati ya wanyama kwa baiskeli na aende Hell's Gate, karibu na Naivasha, ambako ni ruhusa. Hapa Nakuru aiache baiskeli yake mjini chini ya ulinzi, aingie kwa gari pamoja na wenziwe wakichangiana.

Kurudi Subukia kuna njia mbili. Matatu nyingi za Nyahururu hukubali kufunga baiskeli juu ya paa, lakini bei ya baiskeli ipatanwe kabla haijapandishwa, na mwenyewe aikague kamba. Asiyetaka matatu aondoke Nakuru saa kumi na moja alfajiri akiwa na taa mbele na nyuma, auwahi ukingo wa Bahati kabla jua halijawa kali, na anywe chai ya kwanza huko juu.